Kutoka kushusha mzigo mpaka ukubwa wa supamaketi, yawezekana ama ni hadithi tu?

kijana_wa_barani

Aslam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mie niko Malindi, miaka 25, nafanya supamaketi moja hapa mjini (jina naliacha) huu mwaka wa pili, kazi yangu kupanga rafu na lori likija ni kushusha. Juzi nikiwa brek nikasoma habari za Doug McMillon yule aliyekuwa mkubwa wa Walmart kule Marekani, kumbe 1984 alikuwa kijana wa likizo tu anashusha malori ghalani kwa dola 6.50 kwa saa, na 2014 akawa mkurugenzi mkuu wa kampuni yenye wafanyikazi zaidi ya milioni 2. Mwisho wa Januari 2026 ndo ameachia kiti, na aliyempokea, John Furner, naye alianza 1993 akilipwa kwa saa sehemu ya kuuza mimea na vifaa vya bustani. Nikamwonyesha supavaiza wangu akacheka mpaka akashikilia rafu, akaniambia wewe shusha unga kwanza.

Sasa nauliza kwa wanaojua, hapa kwetu mtu aweza kutoka kwenye boksi akafika juu kweli? Ama nianze kutafuta boda niendeshe mambo yaishe. Form four nilipata C, sina karatasi nyingine.

kusi_na_kaskazi

Pole ndugu yangu ila supavaiza hajakosea sana. Supamaketi zetu nyingi ni za familia, baba amefungua duka, watoto wamekulia pale kwenye kaunta, kile kiti cha juu kina wenyewe kabla hata hujazaliwa. Na wasipokuwa wenyewe basi analetwa mkubwa kutoka nje huko, supamaketi ya Uchumi 2015 walipokuwa wanazama walimleta Julius Kipng'etich, mtu mzuri lakini alikuwa ametoka benki na kabla ya hapo alikuwa na ndovu na simba KWS, shirika la wanyamapori. Hakupanga rafu yule. Wewe mkataba wako wa miezi mitatu mitatu waota Walmart, haya.

kijana_wa_barani

Umejuaje ni miezi mitatu 😂

mzee_wa_stoki

Waaleikum salaam mwanangu. Mie nimekuwa manija wa tawi huku pwani miaka tisa, sasa niko kwa duka langu la jumla Majengo, kwa hivo naongea nikijua harufu ya stoo.

Kwanza hiyo hadithi ya McMillon umeisoma nusu. Kushusha malori ilikuwa kazi ya likizo tu, baada ya hapo akaenda chuo kikuu cha Arkansas akamaliza 1989, akaenda Tulsa kusoma shahada ya pili ya biashara na huku ndo akarudi Walmart 1990 akiwa msaidizi wa manija wa duka, kazi na masomo vinaenda pamoja. Kwa hivo si boksi lililompandisha. Halafu alipomaliza unajua alipewa nini? Wakamuingiza idara ya ununuzi, akawa mnunuzi wa vifaa vya kuvulia samaki. Ndoana na mishipi mwanangu! Vitu ambavyo wewe hapo Malindi ukiamka asubuhi unavikanyaga ufuoni. Na ndipo ukubwa ulipoanza, 2005 akapewa Sam's Club (maduka ya jumla ya Walmart), 2009 akapewa maduka yote ya nje ya Marekani, 2014 kampuni nzima.

Sasa nisikilize hapa maana ndo penyewe. Duka lina pande mbili, kuna upande wa rafu na kuna upande wa kununua. Kwenye rafu waweza kukaa miaka ishirini ukawa hodari kuliko wote na wakakupa cheti cha mfanyikazi bora na kreti ya soda. Pesa ya supamaketi haitengenezwi pale mteja anapolipa, imeshatengenezwa au kupotezwa siku ile oda ilipoandikwa. Mwenye kuandika oda ndiye anayeitwa kwenye vikao, ndiye anayejulikana Nairobi.

Nikupe langu. Mwaka mmoja makao makuu walitutumia Januari blanketi nzito zile za sufu, karibu katoni arubaini, Januari! Malindi! Watu wanalala juu ya dari wanatafuta upepo sisi tunauza blanketi. Wakati huohuo tambi zimetuishia kwa sababu Waitaliano wamejaa, na mteja akikosa tambi hapo anavuka barabara na kila kitu kingine ananunua huko. Mie wakati ule nilikuwa supavaiza tu. Nikachukua daftari la shule la kurasa 96 nikaandika kila siku kimeisha nini na saa ngapi, miezi yote ya wageni mpaka Aprili mvua zikaanza hoteli zikafunga na tambi zikaanza kukaa zenyewe. Nikaandika na Ramadhani, tende zinaanza kuondoka lini, unga wa ngano na sukari na nazi za pakiti. Lile daftari nikampa manija, manija akalipeleka Nairobi kama lake (ndio, alifanya hivo, nilikasirika wiki mbili) lakini walipomuuliza maswali hakuweza kujibu ikabidi aniite kwenye simu. Mwaka uliofuata nikapewa oda za tawi lote.

Kwa hivo uliza nani anaandika oda hapo kwenu na ukae karibu naye. Yule akienda ofu wewe jitolee. Halafu shule pia, C yako inatosha kuanzia diploma ya ununuzi na ugavi, ama ukipenda hesabu kuna diploma ya uhasibu (ATD) ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, unafanya usiku usiku, ukiimaliza ndo unaingia CPA, na ukija kupata nafasi Pwani University iko hapo Kilifi, matatu moja tu.

kusi_na_kaskazi

Mzee nakuheshimu lakini hao wakubwa nao hukosea tu kama sisi. Huyohuyo McMillon akiwa mkuu wa maduka ya nje ndo 2011 Walmart wakanunua sehemu kubwa ya Massmart ya Afrika Kusini, wenye maduka ya Game. Game wakaja Nairobi 2015 kwa mbwembwe, 2022 wakafunga wakaenda zao. Na Nakumatt je, matawi zaidi ya 60, leo ukiuliza mtoto hajui ni nini.

mzee_wa_stoki

Nakumatt si mfano wa kumkatisha kijana tamaa, ni mfano wa nilichosema. Walifungua matawi kwa madeni, masapulaya wakawa hawalipwi, sapulaya asiyelipwa haleti mzigo, rafu zikabaki wazi mpaka mtu anaona ukuta wa nyuma. Mteja akiona ukuta harudi. Na wewe unayesema ni za familia, Naivas ilianza duka moja Rongai Nakuru 1990, ya familia kabisa, 2022 watu wa Mauritius wakanunua hisa na leo mkurugenzi mkuu si mtu wa familia. Mambo yanabadilika.

mama_langoni

Salamu kutoka Amu. Nimecheka na blanketi 😂 Mwanangu mie sina supamaketi, nina duka langu hapa usita wa mui (njia kuu ya mji), mlango mmoja, lakini hesabu ndiyo hiyohiyo. Katoni ya sabuni ikitoka bara inafika Mokowe, inashushwa lori, inapandishwa boti, inashushwa gatini, inapandishwa punda ama mkokoteni, ndo inafika kwangu, na kila mkono ulioishika umekula chake. Nikikosea oda siwezi kuirudisha. Kijana mmoja nimemuajiri mwaka juzi, alikuwa hamali, yeye ndo aliyeniambia mama chumvi usinunue katoni kumi wakati wa mvua, inayeyuka dukani kwako, nunua tatu. Sikuwa nimeona. Sasa oda zote anaandika yeye na mie nakaa na kahawa yangu. Nakwambia hivo kwa sababu hamali anajua vitu ambavyo mwenye duka hajui, lakini yataka aviseme. Usinyamaze nazo.

Na soma mwanangu. Huyo wangu namtuma asome, ananizungusha tu.

kijana_wa_barani

Ahsanteni sana, mzee na mama, nimesoma yote mara mbili. Oda zetu za maziwa na mikate anaandika supavaiza huyohuyo aliyenicheka, na nikifikiria vizuri karibu kila Jumatatu tunatupa maziwa yameekspaya kwa sababu Ijumaa anaagiza sawa na siku nyingine na wikendi watu wa ofisini hawako. Hiyo nimeiona muda mrefu nikanyamaza nikadhani si kazi yangu. Leo nimenunua daftari. Jumapili yuko ofu, nitamwomba manija nipokee mzigo mie.

kusi_na_kaskazi

Sawa bosi. Ukipewa oda kumbuka Waitaliano na tambi zao, na sisi wa Maweni mtuwekee ofa ya mchele.

mzee_wa_stoki

Ukipokea maziwa angalia tarehe za katoni za chini, si za juu peke yake. Madereva wanatujua.