Kijana wangu wa miaka 12 anarusha mpira mpaka kiwiko kinamuuma, kocha anasema ni kawaida. Naombeni ushauri

Mama Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Nawaomba hasa ninyi mnaofuatilia besiboli kwa muda mrefu, au mlio na watoto wanaoicheza huku Kanada na Marekani.

Tunaishi Toronto. Kijana wangu mkubwa ana miaka 12. Anacheza timu ya mtaani, na msimu huu amechaguliwa pia timu ya mashindano. Kote kuwili yeye ndiye mrushaji tegemeo. Jumamosi anarusha, akitolewa kwenye urushaji anavalishwa vifaa vya mdakaji na kuchuchumaa nyuma ya mpigaji mpaka mechi iishe. Jumapili anakwenda timu ya pili, anarusha tena. Juzi nimemkuta anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza, akasema hamna kitu mama. Nikamshika kiwiko upande wa ndani, akashtuka na kuuvuta mkono.

Nimempigia kocha wa timu ya mashindano. Akasema mkono wa mrushaji lazima uume, ndiyo unakomaa. Halafu akanitolea mfano wa Yamamoto, mrushaji wa Dodgers ya Los Angeles, kwenye fainali ya ligi kuu ya 2025, kwamba alirusha mechi ya sita na kesho yake akarudi kumalizia ya saba. Sisi wa Toronto hatuhitaji kukumbushwa mechi ile. Tulifungwa 5-4 katika ngwe ya 11 (ngwe ni duru ambamo kila timu hupata zamu ya kupiga), nyumbani kwetu, na mtoto alilia mpaka akalala na kofia ya Blue Jays, timu yetu, kichwani.

Kijana naye ana jibu lake moja tu: Ohtani, yule Mjapani wa Dodgers. Ohtani anarusha na anapiga, kwa nini mimi nichague? Baba yake anataka aache kabisa arudi kwenye soka. Mimi sitaki afike huko, maana mchezo huu ndio uliompa marafiki tangu tuhamie hapa, na anaupenda kwa moyo wote.

Apumzike kiasi gani? Niongeeje na kocha bila mtoto kuishia benchi msimu mzima? Na nimwambie nini kuhusu Ohtani?

Fundi Viungo

Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na watoto wanaocheza besiboli nawapokea kila kiangazi.

Kuanzia leo asirushe mpira. Si mechini, si mazoezini, si uani na mdogo wake, mpaka daktari amwone. Ikiwezekana awe daktari wa michezo anayeona watoto. Mtoto anayebadilisha mkono wa kupigia mswaki ameshavuka hatua ya uchovu.

Nikueleze kwa nini. Mtu mzima akizidisha kurusha, kinachochanika ni kano la upande wa ndani wa kiwiko. Kwa mtoto wa miaka 12 mfupa wenyewe haujafunga. Pale kano na misuli inaposhika kuna sehemu laini ambayo bado inakua, na hiyo ni dhaifu kuliko kano. Kila mrusho wa nguvu unaivuta. Ikivutwa wiki baada ya wiki bila kupumzika inavimba, na ikiachwa inaweza kuachana na mfupa. Ikigundulika mapema, mara nyingi mapumziko na mazoezi ya kurudi polepole yanatosha. Ndiyo maana nasema usisubiri mechi ya Jumamosi.

Kuhusu idadi, MLB (ligi kuu ya besiboli) na chama cha besiboli cha Marekani wana mwongozo unaoitwa Pitch Smart. Kwa miaka 11 na 12, mwisho ni mirusho 85 kwa siku, na hiyo ni kwa mtoto mzima asiyeumwa. Akirusha 21 mpaka 35 apumzike siku 1, akifika 50 siku 2, akifika 65 siku 3, akizidi hapo siku 4 kamili. Kwa mwaka asizidishe ngwe 80, na apate angalau miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati ya hiyo ikiwa mfululizo. Kanada nao wana jedwali lao la mirusho, muulize kocha akuonyeshe.

Sasa tazama ratiba ya kijana wako. Akirusha hata mirusho 40 Jumamosi, Jumapili haruhusiwi kurusha. Timu zikiwa mbili, kila kocha anahesabu ya kwake na hakuna anayejumlisha. Hilo la kuwa mrushaji na mdakaji katika mechi moja ndilo linaniumiza zaidi, kwa sababu mdakaji anarudisha mpira kwa mrushaji karibu kila mara. Mwongozo unasema wazi kwamba mrushaji asiwe pia mdakaji.

Bonde la Ufa

Fundi, nakuheshimu, lakini sisi tuliangua maembe kwa mawe utoto mzima na hakuna aliyetuhesabia. Naona watoto wa siku hizi tunawalea kama mayai. Labda mtoto anahitaji tu kuzoea.

Fundi Viungo

Kaka, jiwe la embe unarusha moja, unatazama, unaokota, unapiga soga, unarusha lingine, ukichoka unapanda mti. Hakuna kocha anayekudai nguvu zako zote mara themanini ndani ya saa mbili, na kesho tena. Nisingesema haya kama nisingekuwa nawaona watoto wenye miaka 13 wasioweza kunyoosha mkono.

Mzee wa Besi

Dada Mama Chumbageni, la kiwiko nimwachie Fundi. Mimi niongelee Ohtani na Yamamoto, kwa sababu hizo hoja mbili zinajibika, na nadhani kijana atasikiliza zaidi akiambiwa habari za shujaa wake.

Yamamoto ni kweli. Mechi ya sita alirusha mara 96, kesho yake akaingia tena na kurusha 34, akawa mchezaji bora wa fainali. Nilikesha naye na sijawahi kuona moyo kama ule. Lakini mwambie kocha amalizie simulizi. Yule alikuwa mtu mzima wa miaka 27, ana madaktari wanaomtazama kila mrusho, na ile ilikuwa mechi ya mwisho ya mwaka. Baada yake ulikuja msimu wote wa baridi. Mtoto wako anafanya hivyo kila wikiendi.

Ohtani sasa. Alifika timu ya Angels mwaka 2018, kiwiko kikachanika mwaka huohuo, akapasuliwa Oktoba. Mwaka 2019 hakurusha hata mpira mmoja kwenye ligi, alipiga tu. Septemba 2023 kiwiko kilekile kikapasuliwa tena. Dodgers wakamsajili Desemba kwa dola milioni 700 za miaka 10, huku wakijua kwamba msimu wa kwanza hatarusha kabisa.

Na msimu huo wa 2024, ambao hakupanda kilima cha mrushaji hata siku moja, ndio aliopiga homurani 54 (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja) na kuiba besi 59 (kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa). Hakuna mchezaji mwingine katika historia ya MLB aliyewahi kufikisha hamsini kwa hamsini katika msimu mmoja. Alipumzisha mkono na akaandika historia kwa gongo na miguu.

Aliporudi kurusha Juni 2025, Dodgers walimpa ngwe moja tu, wakawa wanamwongeza kidogokidogo. Miezi minne baadaye, Oktoba 17, dhidi ya timu ya Brewers, akarusha ngwe sita bila kuruhusu pointi, akawatoa wapigaji 10 kwa straiki, na mechi hiyohiyo akapiga homurani tatu. Mimi natazama mchezo huu tangu nikiwa chuoni na sijui mechi ya kuilinganisha nayo. Mwonyeshe kijana video ya usiku ule, kisha mwambie ngwe zile sita zilianza na ngwe moja ya Juni.

Kijana wa Kisauni

Mzee umenena. Niongeze Babe Ruth. Watu wanamjua kwa homurani 714, lakini akiwa timu ya Boston alikuwa mrushaji hodari kabla ya kuuzwa Yankees. Alipofika New York akaachana na kurusha isipokuwa mara chache sana, akabaki na gongo. Kwa hiyo hata yeye alichagua.

Mzee wa Besi

Sawa, ila kila tukitaja wanaofanya yote mawili tunarukia Ruth na Ohtani kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Walikuwepo, tena weusi, waliofungiwa mlango wa MLB mpaka Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers Aprili 15, 1947. Bullet Rogan wa Kansas City Monarchs alikuwa mrushaji mkali na mpigaji mkali kwa wakati mmoja. Martín Dihigo wa Kuba aliweza kucheza karibu kila nafasi, na yumo katika ukumbi wa mashujaa wa Kuba, wa Mexico na wa Marekani kule Cooperstown. Ligi zao, zile za wachezaji weusi, ndizo MLB ilizokuja kuzitambua kuwa ligi kuu mwaka 2020, na Mei 2024 takwimu zao zikaingizwa rasmi. Tangu hapo jina la juu kabisa kwenye wastani wa kupiga ni Josh Gibson wa ligi hizo, .372, mbele ya Ty Cobb aliyekuwa akiongoza kabla. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia uwanjani. Inaniuma kila nikiisoma.

Dada, mfundishe kijana majina haya. Mtoto wetu anayecheza besiboli ughaibuni anapaswa kuyajua.

Lugazi Kwetu

Mimi ni Mganda, Kiswahili changu mtanivumilia. Nafundisha watoto besiboli. Mwaka 2012 vijana kutoka Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Marekani, na mechi moja walishinda. Mwaka mmoja kabla yake timu yetu nyingine ilifuzu ikanyimwa viza. Nasema hivi ili mama ujue kwamba mchezo huu si wa kigeni kwetu, usimwachishe mtoto. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia MLB na Pittsburgh mwaka 2017, mara ya kwanza kwa mtu aliyezaliwa na kukulia barani kwetu, na katika zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga akapiga salama akafika besi. Huyo hakuwa mrushaji. Alikuwa mlinzi wa katikati, mikono yake na miguu yake ndiyo ilimfikisha pale.

Mtoto anaweza kupenda nafasi nyingine. Besi ya kwanza, kwa mfano. Pale Toronto si mnaye Vladimir Guerrero Jr. anayecheza hapohapo?

Kuhusu kocha, usiongee naye uwanjani, na usiongee naye mtoto akiwepo. Mtafute baada ya mazoezi, au mwandikie. Usianze na "umemuumiza mwanangu", atajitetea tu. Mwambie: daktari anamwona siku fulani, mpaka hapo harushi, naomba orodha ya mirusho yake ya wiki zilizopita. Kocha mzuri atakupa siku hiyohiyo. Asiyekuwa nayo, basi ujue hakuna aliyekuwa anahesabu. Nunua kile kidude cha kubonyeza, kaa jukwaani uhesabu mwenyewe. Mimi wazazi wangu wote nawapa.

Fundi Viungo

Naunga mkono yote isipokuwa besi ya kwanza kwa sasa. Hata pale anarusha. Kiwiko kikiwa kinauma, kurusha ni kurusha. Kupiga kwa gongo huwa kunaruhusiwa mapema zaidi, ila daktari ndiye aseme lini.

Bonde la Ufa

Nimesoma tena maelezo ya Fundi kuhusu mfupa. Nakubali hoja ya mawe ya maembe haisimami. Dada, mpeleke mtoto kwa daktari.

Mama Chumbageni

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimesoma kila neno na baba yake nimemsomea.

Miadi na daktari wa michezo nimepata, ni wiki ijayo. Kocha wa timu ya mtaani nimemwandikia kama alivyoshauri Lugazi Kwetu. Alijibu usiku uleule, akatuma hesabu zake, na akaniambia hakujua kabisa kwamba mtoto anarusha kwingine Jumapili. Wa timu ya mashindano hajajibu. Nimeshaamua kwamba asipokubali kuhesabu pamoja na mwenzake, kijana atabaki na timu moja, na mimi ndiye nitakayemwambia.

Nilikaa na mtoto tukatazama ile mechi ya Oktoba 17. Kisha nikamwambia habari za 2024. Hakuniamini, akaenda kutafuta mwenyewe, akarudi na daftari ameandika 54 na 59. Akaniuliza kama akiwa anapumzisha mkono anaweza kujifunza kuiba besi.

Swali langu la mwisho, Fundi: kukimbia kunaruhusiwa? Na kwa daktari niende na nini?

Fundi Viungo

Kukimbia ruksa, dada, lakini kuiba besi kwa kujitupa kifudifudi na mikono mbele asifanye bado. Ajifunze kwanza kusoma mwendo wa mrushaji: anapoinua mguu, anapogeuza bega. Hayo mtajifunza hata mkiwa mbele ya televisheni.

Kwa daktari nenda na hesabu za mirusho za timu zote mbili ukizipata, tarehe uliyoona mara ya kwanza anabadilisha mkono, na mwache mtoto mwenyewe aonyeshe kwa kidole panapouma. Watampiga picha za viwiko vyote viwili ili walinganishe, usishangae. Ukipata majibu tuletee hapa, tutakusaidia kupanga ratiba ya kurudi.