Stika ya mwanafunzi inazungushwa WhatsApp: tuanzie wapi?

mwl_kidato2
Habari zenu. Tangu Kenya ifunge shule kwa muda Machi 2020, Kidato cha 2 wanapokea kazi kwenye kikundi cha WhatsApp. Sasa picha ya wasifu ya msichana mmoja imekatwa uso, ikageuzwa stika ya kumkejeli chunusi. Iko kwetu na kwenye kikundi kingine nisichokuwemo. Ameacha kutuma kazi, na simu yenyewe ni ya mamake. Nifunge kikundi?

fundi_simu
Usifunge, Mwalimu. Ukifunga watahamia kile usichokiona. Kwanza ushahidi: piga picha ya skrini yenye stika, saa na jina la kikundi, kisha gusa jina la aliyetuma, upige nyingine yenye namba. Jina peke yake si kitu, ni lile lililohifadhiwa kwenye simu hiyo tu. Ndipo uripoti kwa WhatsApp. Hapa wengi huumia: kuna kisanduku cha kumzuia mtu na kufuta gumzo, kikiwa na alama, ukibofya haraka ushahidi umekwenda.

Ukishapata ushahidi, msimamizi wa kikundi anaweza kuufuta ujumbe wa mwingine kwa wote. Aliyetuma pia anaweza kuufuta kwa wote, naye ana kama siku mbili hivi. Kwenye mipangilio ya kikundi, weka wasimamizi pekee ndio watume, ufungue wakati wa kipindi tu.

Simu ya mama: Mipangilio, Faragha. Picha ya wasifu ionwe na anwani zake tu. Kwenye Vikundi, yaani nani anaweza kumwingiza kikundini, chagua "anwani zangu isipokuwa", uwatie humo waonevu, maana wanafunzi wenzake wamo tayari kwenye anwani.

nasaha_shuleni
Mama asimnyang'anye simu. Mtoto akiona kusema kunamkosesha simu, mara nyingine hatasema. Ilale sebuleni ikichaji kuanzia saa tatu usiku, basi.

Msichana mpigie, usimwandikie. Nyumba ndogo haina siri, kwa hiyo uliza maswali ya ndiyo au hapana: "Wapo karibu?" "Imeendelea leo?" "Usiku ulipata usingizi?" Akigusia kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na mtu mzima asimwache peke yake. Namba 116 ya Childline Kenya ni bure, mchana na usiku.

sheria_na_watoto
Kifungu cha 27 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 kinahusu unyanyasaji wa namna hii. Adhabu inafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Lakini hawa ni watoto, na kwa stika ya chunusi ningeanza na wazazi, kila familia kivyake. Mkiwaita wote kwenye simu moja mtaishia kugombana.

Ikitokea picha ya utupu, sahau picha ya skrini. Usiihifadhi wala kumtumia mwalimu mkuu, hata kwa nia njema: ni picha ya ngono ya mtoto. Andika namba, tarehe na saa, simu ipelekwe polisi kama ilivyo.

mwl_kidato2
Asanteni. Stika moja ina alama ya kusambazwa, aliyeitengeneza hajulikani. Nimfuate nani?

fundi_simu
Aliyeileta kikundini. Namba yake unayo. Muulize aliipokea kwa nani, akuonyeshe gumzo lenyewe kabla hajalifuta.