Mjadala: Je, inawezekana kupeleka chombo kwenye nyota jirani?

Mtoa mada:
Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, iko umbali wa miakanuru 4.24 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali huo. Mpango wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa mwaka 2016, ulipendekeza chombo cha gramu chache kisichobeba mafuta, ambacho tanga lake lingesukumwa na leza za gigawati 100 kutoka ardhini hadi kifikie asilimia 20 ya kasi ya mwanga, na hivyo kiwasili baada ya miaka ishirini na kitu. Mimi naona inawezekana. Anayepinga na ataje kanuni ya fizikia inayoizuia safari hiyo.

Mchangiaji wa kwanza:
Sina kanuni ya kutaja, na huenda chombo kikafika kweli. Ninachouliza ni jinsi kitakavyotupa habari. Kwa kilomita 60,000 kwa sekunde, kitapita umbali sawa na wa kutoka Duniani hadi Mwezini kwa muda usiozidi sekunde saba, wala hakuna cha kukipunguzia mwendo, kwa kuwa leza iliyokisukuma imebaki huku nyumbani. Kikibahatika kupiga picha, kitazitumaje? Voyager 1 ina antena yenye upana wa mita 3.7, na bado tunaisikia kwa taabu kupitia madishi makubwa ya mita 70. Proxima iko mbali zaidi ya mara 1,500 kuliko ilikofika Voyager, na kwa kuwa mawimbi hufifia kwa mraba wa umbali, sauti ileile ingetufikia ikiwa dhaifu zaidi ya mara milioni mbili.

Mchangiaji wa pili:
Basi tukiongeze uzito? Wataalamu wa Uingereza walijaribu hesabu hiyo miaka ya 1970 katika mradi wa Daedalus: chombo cha tani 54,000, karibu zote mafuta ya nyuklia, na hata hicho kingeipita tu Nyota ya Barnard, jirani mwingine wa Jua, bila kusimama.

Mtoa mada:
Hoja ya mawasiliano naikubali, na nakiri sikuipa uzito. Lakini leza ikishajengwa, haitarusha chombo kimoja. Vinaweza kufuatana kwa maelfu, kila kimoja kikipokea ujumbe wa kilichotangulia na kuupitisha nyuma, ili pasiwe na chombo kinacholazimika kupaza sauti hadi Duniani. Mchangiaji wa kwanza atuambie kama mnyororo huo nao unakatika, na unakatikia wapi.