Naombeni msaada: kanuni ya 4, 9, 18, 31, 48 inapatikanaje?

Dada_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kidato cha tatu kaniletea mfuatano huu: 4, 9, 18, 31, 48. Anatakiwa atafute kanuni ya nafasi ya n, kisha namba ya 20. Ile ya 5, 8, 11, 14 namwelekeza vizuri: inaongezeka 3 kila mara, basi ni 3n + 2. Hii inaongezeka 5, 9, 13, 17. Tunaanzia wapi?

Chaki: Dada, mmeshafika nusu ya njia. Hizo 5, 9, 13, 17 nazo tafuteni tofauti zake: 4, 4, 4. Zikilingana hatua ya pili, ndani ya kanuni mna n². Ngapi? Tazameni n² peke yake: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti ni 3, 5, 7, 9, na tofauti za hizo ni 2. Yenu ni 4, yaani mara mbili, kwa hiyo mnaanza na 2n²: 2, 8, 18, 32, 50. Toeni hizi kwenye mfuatano wenu. Zinabaki 2, 1, 0, −1, −2, aina ile unayoijua: 3 − n. Unganisheni: 2n² − n + 3. Tafadhali asikariri "gawanya kwa mbili" kabla hajajionea hiyo 2 inatoka wapi.

Binti_Hesabu: Na tofauti zikikataa kabisa kulingana, jaribuni kugawanya. 3, 6, 12, 24: kila namba ni mara 2 ya iliyotangulia, basi 3 × 2ⁿ⁻¹.

Mzee_wa_Bikari: Mfundishe pia kutoamini haraka. Achore duara, aweke nukta ukingoni, aunganishe kila nukta na nyingine zote, ahesabu vipande. Nukta 1 kipande 1, kisha 2, 4, 8, 16. Mtu yeyote atasema nukta 6 zinatoa 32. Vinatoka 31! Namba chache hazithibitishi kanuni, hata zikipendeza namna gani.

Dada_Mkubwa: Asanteni sana. Nafasi ya 5: 50 − 5 + 3 = 48, imekubali. Ya 20: 800 − 20 + 3 = 783. Ila Mzee, duara tumechora, mbona tunapata vipande 30?

Mzee_wa_Bikari: Nukta mmezipanga kwa umbali sawa, mistari mitatu ikakutana katikati na kumeza kipande kimoja. Sogezeni nukta moja kidogo, pale katikati patatokea kipembetatu. Hicho ndicho cha 31.