Acheni kuiita hofu ya mji "pisikozi": neno hilo lilituchelewesha kumtibu mgonjwa

Ndugu wasomaji wa Goma na wa kwingineko,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kila milio ya risasi inaposikika usiku, au ardhi inapotikisika, watangazaji wetu, wa Kifaransa na hata wa Kiswahili, hutuambia kwamba "pisikozi imetanda mjini", neno la Kifaransa, psychose, ambalo kwa madaktari ni hali ya akili kuvurugika. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, siku zile mitetemeko ilipokuwa ikipasua kuta na watu wakikimbilia Sake na Gisenyi wakiwa na magodoro kichwani. Ile ilikuwa hofu, tena hofu ya watu wenye akili timamu waliokuwa na kila sababu ya kuogopa.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa pili salama. Kuanzia siku ya sita hakupata usingizi kabisa. Siku ya nane nilimkuta ameiviringisha redio ndani ya kitenge, ameifunga kwa kamba na kuisukuma chini ya kitanda, kwa sababu, alininong'oneza, ilikuwa ikilitaja jina lake na kuwaita watu waje kumchukua mtoto. Redio hiyo haikuwa na betri. Nilimwonyesha mahali pa betri palivyo patupu, naye akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake haelewi. Hakuwa akitetemeka wala kulia. Alikuwa na yakini.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima malaria, na alifanya vema, maana malaria ikipanda kichwani nayo huvuruga akili; haikuonekana. Kisha akaandika kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, neno hilo moja la Kifaransa, pisikozi, akatuagiza tumwone daktari wa magonjwa ya akili, na hakueleza zaidi. Shemeji aliisoma fishi nyumbani, akashusha pumzi: "Kumbe ni pisikozi tu? Si mji mzima unayo?" Mama mkwe akaamua apumzishwe, asisikilize habari za vita, aombewe. Siku kumi na mbili zilipita hivyo, na katika siku hizo mtoto alikuwa akilala na njaa kwa kuwa mama yake aliamini maziwa yake yana sumu. Simlaumu shemeji. Neno hilo alikuwa amelisikia redioni tangu utoto wake, na kila mara lilimaanisha woga unaopita.

Naomba basi tuelewane. Pisikozi, ambayo wenzetu wa mashariki huiita saikosisi, ni hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya yaliyopo na yale ambayo akili yake inamletea: husikia sauti zisizosikiwa na mwingine, hushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuitikisa, au mawazo yake hukatikakatika hata maneno yake yasifuatane. Ni kama homa, ambayo ni dalili na nyuma yake lazima itafutwe sababu: skizofrenia, maradhi ya hisia kupanda na kushuka, sonona kali, bangi, pombe iliyoachwa ghafla, maambukizi ya ubongo. Ile inayowapata akina mama baada ya kujifungua huja kwa kawaida ndani ya majuma mawili ya kwanza, huwapata mmoja au wawili katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, na huhesabiwa kuwa jambo la dharura, la kushughulikiwa siku hiyohiyo. Wengi wao hupona wakitibiwa. Dawa za kutuliza hali hii zipo tangu klorpromazini ilipoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, na katika mji wetu wenyewe kuna kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo.

Najua mtu atanijibu kwamba kamusi za Kifaransa zimeikubali maana ile ya hofu ya umati. Zimeikubali, naam. Lakini sisi tunaliingiza neno hilo katika Kiswahili, lugha yenye hofu, woga, wasiwasi, taharuki na kihoro, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba haya yote hayatoshi kueleza mji unaoogopa. Wapo pia wanaomtupia neno hilo jirani mkali au mume mpigaji, kana kwamba ukatili ni ugonjwa na mgonjwa ni mkatili. Mdogo wangu hakumgusa mtu, yeye alikuwa anamficha mwanawe.

Leo anatumia dawa, analala, na mtoto ananyonya. Fishi ile bado ninayo. Kwa hiyo namwuliza mtangazaji yeyote anayesoma hapa, na ninataka jibu: usiku ambao mji utaogopa tena, ni nini kinachokuzuia kusema "watu wana hofu"? Nanyi wauguzi, mkishaliandika neno hilo kwenye fishi, kwa nini msimweleze mwenye mgonjwa, kwa Kiswahili anachokisema nyumbani, ni ugonjwa gani na asikawie zaidi ya siku ngapi?