Kadi ya Nol Dubai: pasi ya siku 30, ya siku 90, au kulipa kila safari?

Mpemba_Deira
Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa kazi upande wa Marina lakini kulala bado ni Deira, maana bedispesi (kitanda cha kupanga chumba cha pamoja) ya bei hii siioni kwingine. Zamani kazini nilikuwa naenda kwa miguu, kadi ya Nol, hii ya kulipia nauli ya metro na basi, natumia siku ya ofu tu. Sasa ni metro kila siku, kwenda na kurudi, na kadi niliyo nayo ni Silver ya kawaida.

Chumbani tumegawanyika. Mmoja anasema ninunue pasi ya siku 30. Mwingine anasema pasi ni za watalii, nilipe kila safari. Wa tatu ananishawishi kuhusu ya siku 90. Kazi yangu ni siku tano kwa wiki, ikitokea ovataimu sita. Wazoefu mnasemaje?

Hesabu_Kwanza
Mkuu, wenzako wote watatu wana haki, kila mmoja anajibu kwa kazi yake mwenyewe. Tuanze na nauli. Mji umegawanywa zoni za nauli. Kwa Silver, safari ndani ya zoni moja ni dirham 3, zoni mbili zinazopakana ni 5, zaidi ya hapo ni 7.5. Wewe kutoka Deira hadi Marina unavuka zaidi ya mbili, kwa hiyo ni 15 kwa siku, kwenda na kurudi.

Pasi ya siku 30 ya zoni zote ni 350. Gawa kwa 15, unapata siku 23 na ushee. Maana yake mpaka siku ya 24 ya kazi ndipo pasi inaanza kukulipa. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana siku 22 hivi kwa mwezi, yaani 330. Atakuwa amewazawadia wenye metro 20. Mwenye siku sita anafika 26, yaani 390, huyo anabakiza 40.

Na wala si zoni zote tu. Pasi ya zoni moja ni 140 na ya zoni mbili ni 230. Piga hesabu utaona mpaka uko palepale, siku 23 au 24. Waliopanga bei walijua wanachofanya.

Sasa ya siku 90 ndiyo watu wanaipita bila kuitazama. Zoni zote ni 830. Gawa kwa 15, unahitaji siku 56 za kazi ndani ya hizo 90. Kwa siku tano kwa wiki unapata kama 64, ambayo ingekuwa 960 kwa kulipa kila safari. Umeokoa 130. Ikiwa ovataimu inakuja mara kwa mara, unaokoa zaidi. Kwa hiyo kwako wewe ya siku 30 ndiyo mbaya kuliko zote, na ya siku 90 ndiyo bora. Mwenzako wa tatu mpikie chai.

Kasiita_Kla
Ndugu Hesabu, kalamu yako iko sawa lakini maisha ya hapa hayako hivyo. Siku 90 ni muda mrefu kwa mtu wa kampuni. Mimi niko kwenye ulinzi. Leo uko mnara huu, kesho supavaiza anakupigia simu uko Jebel Ali, na huko kuna basi la kampuni linakuchukua mlangoni. Pasi yako inakaa mfukoni inahesabu siku.

Angalia hesabu yako mwenyewe: siku 56 kwa mtu wa siku tano ni zaidi ya wiki 11. Ukihamishwa mwezi wa pili umelipa zaidi kuliko ambavyo ungelipa kila safari. Mtu aliye kwenye probesheni (muda wa majaribio kazini) asiguse ya siku 90. Mwenye likizo ya nyumbani ndani ya miezi hiyo mitatu pia asiguse.

Hesabu_Kwanza
Kasiita, hapo sina ubishi. Swali la kwanza liwe "nitakuwa palepale kwa miezi mitatu?" Jibu likiwa ndiyo, 90. Likiwa sijui, lipa kila safari. Ya siku 30 mwachie mtu wa siku sita ambaye hajui ya mwezi ujao.

DadaWaLikoni
Kabla hamjamtuma kaka wa watu kuweka 830 kwenye Silver, mwambieni ile kadi haina jina. Ikidondoka kwenye kiti cha basi imekwenda na kila kilicho ndani. Aliyeiokota ndiye mwenyewe.

Kadi ya Blue ni ya binafsi, unaiomba kwa kitambulisho cha Emirates na picha. Bei yake 70, ndani kuna salio la 20, kwa hiyo kadi yenyewe ni 50. Silver ni 25 na ndani kuna 19. Tofauti ni pesa, sikatai, na kwa mtu mwenye salio la dirham 30 tu Blue haina maana. Lakini kwa pasi ndefu naiona ni lazima. Ukiipoteza unaripoti, inafungwa, na chako hakipotei.

Tena wenye watoto shuleni au wanaosoma chuo: nusu nauli ya mwanafunzi inapitia kadi ya Blue. Mwanafunzi anayetumia Silver anajilipia mara mbili bure. Watoto wadogo chini ya miaka mitano hawalipi kabisa.

Kariakoo_Deira_Kariakoo
Naomba niwasemee sisi tunaokuja wiki moja kuchukua mzigo na kurudi. Uzi huu naona ni wa wakazi, lakini wafanyabiashara kutoka Dar na Nairobi tunaibiwa kimyakimya na kadi hizi kwa sababu ya haraka.

Kwanza, acheni ile tiketi nyekundu, Nol ya karatasi. Inaonekana rahisi kwa dirham 2, lakini kila safari juu yake ni ghali kwa dirham moja kuliko Silver: 4, 6 na 8.5. Kwa mtu wa wiki nzima Silver inajilipa mapema, na inadumu miaka mitano. Safari ijayo unakuja nayo. Mimi yangu nimewaazimisha wadogo zangu mpaka rangi inachubuka.

Pili, pasi ya siku moja ni 20. Kwa safari ndefu tatu ungelipa 22.5, basi siku ya kuzunguka ichukue. Lakini mfanyabiashara wa kweli siku nyingi yuko Deira, Naif, Al Ras, anatembea kwa miguu. Siku hiyo pasi ya nini? Ya siku saba ya zoni zote ni 110, inahitaji safari ndefu 15 ndani ya wiki. Hata mwenye mbio hafiki. Sijawahi kuona mwenzetu imemfaa.

Tatu, kuvuka khori kutoka Deira kwenda Bur Dubai panda abra, dirham moja taslimu, upepo bure. Metro kwa safari hiyo ni ghali zaidi, na ngazi za chini kwa chini zisizoisha.

Nne, mzigo. Metro wanaruhusu begi moja kubwa na moja dogo. Maboksi yaliyofungwa kwa gundi na kamba kama tulivyozoea, unaweza kurudishwa getini. Weka hela ya teksi kwenye bajeti ya siku ya mwisho, usiseme nitabeba kwa metro.

Mpemba_Deira
Ahsanteni sana. Dada wa Likoni, hilo la Blue sikulijua. Swali dogo: kutoka stesheni ya Marina hadi kazini ni mbali, kuna basi. Basi linalipiwa peke yake? Hapo 15 yangu itakuwa ngapi?

Fundi_AlQuoz
Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoacha hela. Ukishuka metro na kugonga kadi kwenye basi ndani ya dakika 30, inahesabiwa safari ileile. Unaweza kubadilisha hadi mara tatu, mradi safari nzima isizidi dakika 180. Ukisimama kununua karak (chai ya maziwa) ukapiga soga dakika 35, umeanza safari mpya na nauli mpya.

Yale mabasi yenye herufi F mbele ya namba yamewekwa kwa kazi hiyo, kukutoa stesheni. Jambo la kushika: kwenye basi unagonga ukipanda NA ukishuka. Wageni kutoka kwetu tumezoea ukishalipa umelipa, tunaruka tu mlango wa nyuma. Mashine haijui umeshukia wapi, inakukata kana kwamba umezunguka mji mzima. Na ukikutwa na mkaguzi hujagonga, faini ni 200. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pasi yako ya mwezi.

Wa_Shifti_ya_Alfajiri
Nyongeza kwa wa shifti: Jumapili metro inafunguliwa saa mbili asubuhi, siku nyingine saa kumi na moja alfajiri. Kama shifti yako ya Jumapili inaanza mapema, pasi haitakusaidia, utapanda basi au utalipia kalifti, gari la mtu binafsi la kuchangia. Mimi hizo Jumapili nimezitoa kwenye hesabu, na nilipozitoa ya siku 30 ikaanguka, ingawa nafanya siku sita.

Kasiita_Kla
Kalifti nayo muisemee. Wengine wanalipa mtu mwenye gari kwa mwezi, mlango kwa mlango, wanasema ni raha kuliko kubadilisha basi. Raha ni kweli. Lakini gari la mtu binafsi lisilo na kibali cha kubeba abiria ni kosa, na dereva akikamatwa njiani wewe unachelewa kazini huku pesa ya mwezi umeshampa.

Hesabu_Kwanza
Tukiwa bado hapo, anayetafuta pa kulala asome ramani ya zoni kabla ya kulipa bedispesi. Iko ukutani kila stesheni. Kulala stesheni moja ng'ambo ya mpaka kunaweza kukutoa kwenye nauli ya 3 kukupeleka kwenye 5. Kwa pasi za mwezi ni 140 dhidi ya 230, tofauti 90. Dalali atakwambia chumba hiki ni nafuu kwa 50, wewe ukifurahi unalipa 90 kwa metro. Madalali hawaitaji ramani hiyo hata siku moja.

Bwana_Dhahabu
Na Gold je? Hakuna aliyeitaja, mmeniumiza moyo.

DadaWaLikoni
Gold, kadi ya behewa la daraja la juu, nauli yake ni mara mbili, kaka. Pasi ya mwezi ya zoni zote 700. Behewa lina viti vizuri na saa ya kurudi kazini kweli hakuna kubanana. Ila treni inafika saa ileile. Sisi wanawake tuna behewa letu, tunalipa Silver. Wewe ukiingia Gold na kadi ya Silver, au ukajisahau behewa la wanawake, ni faini ya 100.

Fundi_AlQuoz
Mtoa mada, kwenye kujaza salio: tangu Agosti 2024 dirishani hawapokei chini ya 50. Ikiwa unasubiri mshahara na una 20 mkononi, tumia mashine au programu ya simu. Na usiingie metro na salio la kubahatisha. Weka angalau 15, nauli ya kwenda na kurudi, usije ukakwama getini saa ya kuingia kazini nyuma yako kuna foleni inakupigia mdomo.

Mpemba_Deira
Nimeelewa. Mkataba wangu umeshapita probesheni, na hii kazi ya Marina tumeambiwa ni ya mwaka. Likizo ni baada ya Ramadhani, bado. Basi naomba Blue wiki hii, wakati naisubiri nalipa kila safari kwa Silver, ikifika naweka ya siku 90. Kuna aliyeona ubaya wowote hapo?

Hesabu_Kwanza
Ubaya mmoja tu: miezi mitatu ikiisha usiongeze kwa mazoea. Ukiwa karibu na likizo, hesabu siku za kazi zilizobaki kabla hujapanda ndege. Zikiwa chini ya 56, rudi kulipa kila safari.

Kasiita_Kla
Na iombe Blue kabla ya wikiendi. Pia usimwambie mwenzako wa chumba kwamba una pasi ya zoni zote, siku yako ya ofu atakuwa ameshaiazima.

DadaWaLikoni
Blue ina jina na picha yako, Kasiita. Ataazima nini?

Kariakoo_Deira_Kariakoo
Ndiyo maana mimi nabaki na Silver.