Sijafuta mstari wowote kwenye Biblia! Nimechoka kutukanwa kwa kazi ya bure

Wakuu, leo mnivumilie. Nina hasira na sitajifanya sina.

Mimi ni kijana wa Malindi. Mchana niko kwenye saiba moja huku Lamu Road, natoa fotokopi na kuwajazia watu fomu. Usiku, stima ikiwepo, natengeneza programu ya kusomea Biblia kwenye simu. Ni programu huria: msimbo wote uko wazi, leseni ni GPL, ile inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na chini yake inaendeshwa na injini ya SWORD ya CrossWire, nayo pia ni kazi ya watu wanaojitolea. Hakuna matangazo, hakuna anayetozwa hata shilingi.

Jumamosi saa tano usiku simu ikaanza kulia. Kwenye kundi la WhatsApp la kanisa mtu ametuma picha: 3 Yohana kwenye programu yangu inaishia mstari wa 14, Biblia yake ya karatasi ina 15. Basi! Kabla sijapangusa macho nimeshakuwa wakala wa shetani. Mmoja kanitumia Ufunuo 22:19 mara nne, ule wa mtu atakayeondoa maneno ya kitabu. Na mama mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha shule ya Jumapili tangu sijui kusoma, akaandika: "Mwanangu, ni nani amekulipa?"

Hilo ndilo lililoniuma. Nani anilipe? Hata bando nanunua mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Mstari wa 15 haukufutwa. Ulikuwepo wote, umebandikwa mkiani mwa ule wa 14. Mngesoma mpaka chini mngeziona zile salamu za marafiki, neno kwa neno. Injini ile ina jedwali la hesabu: kitabu fulani kina sura ngapi, sura fulani ina mistari mingapi. Usipoiambia vingine, inachukua hesabu ya King James, ile Biblia ya Kiingereza ya zamani, ambayo 3 Yohana yake ina mistari 14. Tafsiri niliyopewa inahesabu 15, kama matoleo ya Kigiriki. Ile programu ya kugeuza faili, osis2mod, ikikuta mstari usio na nafasi kwenye jedwali haiutupi. Inauunganisha na uliotangulia, kisha inakuandikia onyo. Onyo lilitoka. Lilipita kwenye kioo katikati ya mamia ya maneno mengine saa nane usiku na sikuliona. Hapo nimekosa, nakubali. Lakini kuchagua jedwali lisilofaa ni jambo moja, na kupunguza Neno la Mungu ni jambo jingine kabisa.

Halafu hizo namba mnazozipigania, Yohana hakuandika hata moja. Za Agano Jipya zilitiwa na mchapishaji Robert Estienne katika toleo lake la Kigiriki la 1551. Malaki ya Kiebrania ina sura 3, hizi zetu nyingi zina 4, na maneno ni yale yale. Zaburi 51 kwa Waebrania, kichwa chake peke yake ni mistari miwili, kwa hiyo "unirehemu" iko mstari wa 3. Nao waliajiriwa na shetani?

Mnajua aliyenielewa upesi ni nani? Mwenye saiba, mzee wa Kibajuni kutoka Lamu, Mwislamu. Nimemwonyesha picha, akacheka. "Sasa hili nalo geni? Fatiha ni aya saba, lakini kuna wanaoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza na kuna wasioihesabu. Maneno yamepungua?" Akarudi kwenye chai yake. Dakika moja tu! Wazee wangu wa kanisa nimewaeleza siku tatu.

Na hao walionipa maandishi, nao wana lao. Ruhusa walinipa, nawashukuru. Lakini niliomba faili za USFM, mtindo wa kuandikia maandiko ya Biblia kwa kompyuta, ambazo kila sura hufunguliwa kwa \c na kila mstari kwa \v, mashine ikajua yenyewe pa kukata. Nikaletewa Word. Namba za mistari zimepandishwa juu kwa mkono, nyingine zimetiwa rangi nyekundu, na mahali pengine "15" si kumi na tano, ni herufi l ikifuatwa na 5! Aliyepiga chapa nahisi alijifunzia kwenye taipureta zile zisizokuwa na 1. Kwa macho huoni tofauti. Marko peke yake kimenila usiku kumi na moja. Nikilalamika naambiwa, "Si ni maandishi tu, wewe kopi upesti."

Eti kopi upesti.

Ngoja niwape ya ng'ombe. Mwalimu mmoja anatayarisha somo la ndoto ya Farao, Mwanzo 41. Anatafuta "ng'ombe", programu inamwambia hakuna. Ikawa hadithi ya mtaa mzima, kwamba nimeondoa ng'ombe kwenye Biblia (mbuzi wamebaki, mshukuru). Kisa ni kile kialama cha juu kwenye ng'. Word huki­geuza kikapinda, simu inaandika kilichonyooka. Kwetu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, U+2019 na U+0027. Sasa programu inavisawazisha vyote kabla ya kutafuta. Ng'ombe wamerudi, wanono kwa waliokonda.

Toleo jipya nimelitoa jana. Nimelijenga upya kwa jedwali la NRSV, tafsiri nyingine ya Kiingereza, ambalo 3 Yohana yake ina mistari 15, na Ufunuo 12 nayo imepata mstari wake wa 18. Ukiona kosa jingine, niandikie kitabu, sura, mstari na namba ya toleo la programu. Picha ya nusu kioo yenye mikono ya kuomba na "Mungu anakuona" hainisaidii kitu.

Na wewe wa Ufunuo 22:19 mara nne: nimeangalia, bado unatumia toleo la zamani.